Kiko Kilichobaki Wingwi

Asubuhi ile niliondoka bandari ya Wesha, Pemba, bila kujua naenda wapi. Saruji tuliyokuwa tukiipakua ilikuwa imekwisha, shati langu la pili lilikuwa limekauka, na sikuwa na sababu ya kubaki wala ya kuondoka, jambo ambalo kwangu mimi hutosha kuwa sababu ya kuondoka. Nikapanda gari la kwanza hadi Chake. Chake utingo mmoja akaniuliza, "Konde?" nikaona ni swali zuri, nikapanda. Tangu nilipoacha shule darasa la tano nimekuwa nikisafiri hivyo, nikiwaachia utingo wanichagulie, na hawajawahi kunipeleka pabaya kuliko pale ambapo ningejipeleka mwenyewe.

Konde nilikuwa na mtu wa kumsalimia. Ni fundi wa viko vya tumbaku, ambaye niliwahi kulala dukani kwake misimu kadhaa nikimpigia msasa kwa malipo ya chakula na matusi. Nilipofika nilikuta mlango wa duka umefungwa kwa mnyororo. Gogo la mgomba ambamo yeye huchomeka viko vibichi ili vikauke lilikuwa limenyauka barazani, na paka amelala juu yake.

Nikazunguka uani. Mkewe, ambaye mtaa mzima humwita Bi Mkubwa kwa heshima na kwa woga kidogo, alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Hodi, Bi Mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Weye bado hujafia njiani?"

"Bado. Fundi yuko wapi?"

"Wingwi."

"Kuna msiba?"

"Wake mwenyewe." Akaendelea kukuna. "Katibiwa macho. Kayafumbua, kaviona vile viko alivyouza alipokuwa haoni. Basi katoka kama kichaa, nyumba kwa nyumba, anavikusanya avipake upya. Vyote kavipata. Kimebaki kimoja, kwa mzee mmoja mfuga ng'ombe huko Wingwi, na yule mzee hataki kukitoa. Sasa mwenzio kaapa harudi nyumbani mpaka akipate."

"Ana muda huko?"

"Kuku wangu wameshaisahau sauti yake." Akanikatia kipande cha muhogo uliochemshwa bila kuniuliza kama nina njaa. "Ukimwona mwambie namsalimu. Mwambie na usingizi naupata vizuri."

Nikala muhogo, nikanywa maji, nikashika njia ya Wingwi kwa miguu. Ni mwendo mrefu wenye mawe, na mtu anayetembea peke yake lazima amsengenye mtu. Nilimsengenya Fundi.

Kwanza ni hilo jina. Konde kuna fundi cherehani, fundi baiskeli, fundi simu na fundi bomba. Huyu alitaka aitwe Fundi tu, kama kwamba wengine wote wameazima neno lake. Ukimwita fundi wa viko hageuki, hata kama nyumba yake inaungua. "Wale wanatengeneza vitu vilivyovunjika," aliniambia siku moja, akiwaonyesha wenziwe wa mtaa kwa kidevu kama mtu anayekuonyesha dimbwi usilikanyage. "Mie natengeneza kitu ambacho hakikuwapo." Kitu chenyewe kilikuwa kiko, kipande cha mti chenye shimo la tumbaku juu na mrija pembeni. Lakini mbele yake usingethubutu kukieleza hivyo.

Alitumia mti wa mkarafuu uliokufa wenyewe kwa uzee, mgumu, wenye nyuzi nyembamba. Kuchonga alikudharau, ijapokuwa alichonga vizuri. Alisema kuchonga hata mchwa anachonga. Kwake yeye kazi ilianza pale ambapo mtu mwingine angedhani imekwisha. Hapo hukilowesha kiko maji ili nyuzi za mti zisimame, akakikausha, akakipiga msasa, akakilowesha tena. Huliziba shimo kwa kitambaa, maana rangi ikiingia ndani mvutaji ataivuta. Kisha hupaka rangi nzito, karibu nyeusi, akaiacha inywewe na mti. Ikikauka, huifuta yote kwa msasa. Hapo ndipo mtu asiyejua hudhani mzee kapotewa na akili, lakini ile rangi iliyokwisha kujificha ndani ya nyuzi haitoki. Juu yake hupaka rangi ya pili, nyekundu ya kahawia, tena na tena, mpaka kiko kiwe na rangi ya tende iliyoiva, na ndani yake michirizi myeusi kama nywele. Mwisho ni nta ya nyuki, na kusugua kwa kitambaa mpaka uione pua yako.

Lazima niseme kwamba vilikuwa vizuri. Ningependa vingekuwa vibaya, ingenirahisishia kumcheka.

Kitambaa cha kusugulia kilikuwa na sheria zake. Ilikuwa lazima kitokane na kanzu kuukuu, na kanzu hiyo iwe imeswaliwa Idd. Kanzu ya kwenda sokoni haifai, alisema, haina subira. Nilimuuliza atajuaje kanzu ya mtumba imeswaliwa Idd au la. Akasema, "Ndo maana weye unapiga msasa." Niliona si jibu, lakini nikaendelea kupiga msasa.

Rangi aliichemsha nyuma ya pazia, na asili yake ilitegemea nani anauliza. Imamu aliambiwa ni urithi wa wazee. Wageni wa hoteli huko kaskazini waliambiwa alipewa na jini katika msitu wa Ngezi, na kijana aliyewaongoza alilitafsiri jini hilo kwa uaminifu mkubwa, maana nalo lilimsaidia kupata bakhshishi. Mimi niliambiwa aliigundua akiwa na homa. Bi Mkubwa nilipomuuliza alisema ni gome la mkoko, katu ile ile ya tambuu, na kahawa iliyolala. "Na sufuria zangu," akaongeza, "ukihesabu na zilizoyeyukia humo."

Mtaani walikuwa na maelezo yao. Fundi hutafuna tambuu tangu alfajiri, na rangi ya mate yake na rangi ya viko vyake ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Watu wakaunganisha. Uvumi huo ulimfikia, na badala ya kuukanusha alitabasamu kwa meno mekundu, akasema, "Na wao wateme, tuone kama kitatoka kiko."

Tambuu yake ilikuwa na tumbaku ndani. Nalisema hili kwa sababu mtu huyu, aliyekula tumbaku kutwa, alikuwa adui mkubwa wa moshi. Hajavuta maishani mwake hata mara moja. Mzee wa watu akija kununua kiko husomewa kwanza hotuba.

"Moshi ni makuruhu, unajua?"

"Najua, Fundi."

"Mapafu yako yatakuwa kama dari ya jiko."

"Ndiyo, Fundi. Nataka kile cha pale mwisho."

"Kile kizuri," Fundi husema, na sauti yake hulainika papo hapo. "Kile ukikivuta taratibu kitakuzika."

Nilimuuliza kwa nini anauza kitu anachokilaani. "Mie siuzi moshi, mie nauza mti," alisema, akatema mate mekundu juu ya kizingiti, karibu na mguu wangu.

Wageni wa hoteli walimpa taabu ya namna nyingine. Mama mmoja alikuja akakipenda kiko kilichokuwa bado hakijapakwa rangi, mti mtupu, mweupe. Alisema, kupitia kwa yule kijana, kwamba anapenda vitu vya asili. Fundi alikichukua kile kiko mkononi mwake polepole, akakifunika kwa kitambaa kama unavyomfunika mtoto anayetoka kuoshwa. "Mwambie sitoi mtu nyumbani kwangu uchi." Kijana alitafsiri kitu kingine kabisa, mama akacheka, na mauzo hayakufanyika. Siku hiyo tulikula ugali na chumvi, na Fundi alikula kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Kisa kilichompa sifa kuliko vyote kilikuwa kosa, na ni kosa ambalo sidhani kama lingeweza kufanyika kwingine. Aliingiwa na wazo kwamba kiko cha Pemba kisichokuwa na karafuu ni kiko cha watu wa kwingine. Mti wa mkarafuu haukumtosha. Akatafuta mafuta ya makonyo, yale makali yanayokamuliwa kutoka kwenye vikonyo vya karafuu, akayachanganya na nta, akavisugua viko pamoja na mirija yake. Duka likanukia kama nyumba ya harusi. Kila mpita njia alisimama kuuliza kuna nini. Kila Mpemba anajua kwamba ukiumwa na jino unaweka karafuu ili jino life ganzi, na Fundi anajua, na mimi najua, lakini karafuu kwetu ni fahari, na fahari haikumbushi mambo ya meno.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Sheha wetu, mkuu wa serikali mtaani. Alikivuta kile kiko barazani kwake, kikapata moto, mafuta yakamwingia midomoni, naye akaondoka hapo moja kwa moja kwenda kuongoza mkutano wa kisima. Alipofungua mdomo kutoa salamu, ulimi haukuwepo. Yaliyotoka ni maneno ya mtu aliyelala, na mate yakimtiririka kidevuni. Watu wakatazamana. Bibi mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kutosha, "Sheha kalewa," na kwetu neno hilo likishatamkwa halirudi kinywani.

Fundi akaitwa mbele ya mkutano. Mtu mwingine angeomba radhi. Yeye alikichukua kiko, akautia mrija wote mdomoni na kuunyonya mbele ya watu wote, kuonyesha kwamba hauna kitu. Akaunyonya kwa muda mrefu, kwa dharau. Kisha akaanza kujitetea, na hakuna aliyeelewa hata neno moja. Wakasimama pale wawili, Sheha na Fundi, wanagombana kama watoto wachanga, mikono inapepea, mate yanatoka. Mkutano wa kisima ukaahirishwa kwa sababu waliohudhuria walikuwa wamelala chini kwa kucheka.

Wiki hiyo hiyo wakaanza kuja wenye kuumwa meno. Fundi aliwapokea kama aliyekuwa amewapangia miadi. Mpaka leo ukimuuliza atakwambia ile ilikuwa dawa, na kwamba Sheha alikuwa na jino bovu hajijui.

Sasa nije kwenye macho.

Tangu nilipomjua alikuwa na desturi ya kutoonyesha kiko asubuhi. Mnunuzi akija mapema huambiwa arudi baada ya alasiri, jua likiwa limelala upande, eti ndipo rangi inapoamka. Nilidhani ni maringo. Yalikuwa maringo kweli, kwa miaka mingi, mpaka yakageuka kuwa maficho. Alianza kumimina chai kwenye kisahani akidhani ni kikombe. Alianza kupapasa ukuta wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Siku moja alimtolea salamu mbuzi wa jirani, akaudhika kwa kutojibiwa, na akawa hasemi na yule jirani mpaka Ijumaa.

Rangi, hata hivyo, ilikuwa inatoka vile vile, tende iliyoiva na nywele nyeusi. Jambo hilo lilinishangaza, na mimi nikishangaa silali. Nikawa namwangalia anavyopaka. Kila akipaka, Bi Mkubwa hukaa mlangoni na ungo wa mchele. Kiko kikiwa bado cheupe, Bi Mkubwa hukohoa. Fundi huongeza. Kikifika pale kinapotakiwa, Bi Mkubwa huugonga ungo kwa vidole. Fundi huweka brashi chini na kusema, "Nimekipata," kwa sauti ya mtu aliyekipata. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo hata siku moja. Nami nilikaa pale muda mrefu sana nikidhani mama wa watu ana kifua.

Walikuja madaktari wa macho Chake. Kila mtu alijua Fundi ana mtoto wa jicho, pande zote mbili, na kila mtu alijua ukitolewa unaona. Hakuna aliyemwambia waziwazi ila muuza samaki mmoja ambaye hakuwa wa Konde. Fundi akamjibu, "Watoto wangu wote nimewalea mwenyewe, na hawa nitawalea." Watu wakacheka, yule muuza samaki akaona haya, madaktari wakaondoka. Hofu yake niliijua, ijapokuwa hakuitamka. Akienda hospitali atakuwa amekiri kwamba haoni, na akikiri haoni, mtu atauliza basi viko anavipaka nani. Afadhali kuwa kipofu mwenye jina.

Kisha mtoto wao wa kike akajifungua huko Wete, na Bi Mkubwa akaenda kumlea mpaka atoke arubaini. Fundi akabaki na brashi, na hakuna wa kukohoa.

Vile viko alivyopaka peke yake niliviona mimi. Kimoja kilikuwa kama mkaa. Kimoja kilikuwa kama muhogo uliomenywa. Vingine alikuwa amepaka upande mmoja mara tano, na upande wa pili hakuugusa. Nikamwambia, maana mimi sikulelewa vizuri.

"Fundi, upande huu hujaupaka."

"Weye umesoma mpaka darasa gani?"

"La tano."

"Pande zinafundishwa la sita," akasema, akakichomeka kwenye gogo la mgomba kikauke.

Konde nzima ikaja kununua. Wazee walivishika vile viko, wakavigeuza, wakauona upande mweusi na upande mweupe, na kila mmoja akasema, "Mashaallah, Fundi." Kwetu mkubwa haambiwi kazi yake mbaya. Unasema Mashaallah, unalipa, unakwenda kukiweka chini ya kitanda, na ukikutana na mwenzio aliyekiweka chake chini ya kitanda hamzungumzi. Hakuna aliyemcheka. Walimheshimu kwa pamoja mpaka wakammaliza. Na yeye, kwa kusikia Mashaallah nyingi kuliko alizozoea, akazidi kujikweza. Alianza kusema kwamba sasa tu ndipo mkono wake umefunguka.

Bi Mkubwa aliporudi kutoka Wete aliingia dukani kabla hajavua buibui. Akaviangalia vilivyobaki kwenye gogo. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kidevu juu, anangoja sifa.

"Vimetoka vingapi?" akauliza Bi Mkubwa.

"Vilivyotoka ni vingi. Watu wamevigombania."

Bi Mkubwa akaanza kuvua buibui. Kisha akasema, "Leo ndiyo mwisho. Sikohoi tena."

"Umepona?" Fundi akauliza.

"Nimechoka kuwa jicho lako."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa jambo lile kusemwa ndani ya nyumba ile. Fundi alivaa kofia yake, akaivaa mbele nyuma, akatoka akipapasa ukuta, akaenda kukaa msikitini mpaka isha. Siku zilizofuata sinia lilikuwa halina maneno, na mimi siwezi kula penye kimya. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Kwamba alikwenda Chake baadaye, akalazwa, akafunguliwa bandeji, akaona, hayo sikuyashuhudia. Nilisikia tu kutoka kwa Bi Mkubwa, juu ya mbuzi ya nazi.

Hapo nilipofika katika masengenyo yangu, gari la ng'ombe lililobeba majani likanipita, mwenye gari akanihurumia, nikamalizia njia nimekaa juu ya majani. Nilimuuliza kama anamjua mzee mfuga ng'ombe mwenye kiko.

"Kile cha pande mbili?" akasema. "Nani asiyekijua. Na mgeni wake tunamjua."

Akanishusha mbele ya nyumba yenye baraza ya udongo, zizi pembeni, na ndama mmoja kafungwa kwenye mpapai. Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa. Kwenye ncha moja ya baraza amekaa mzee mwembamba anavuta kiko. Kwenye ncha ya pili amekaa Fundi, mgongo wima, amemgeuzia mwenziwe bega kama bwana harusi aliyeletewa bibi asiyemtaka.

Nikatoa salamu.

"Waalaykumu salaam," akaitika mwenye nyumba. "Na weye umekuja kwa habari ya kiko?"

"Mimi napita tu."

"Huyu naye alisema anapita tu."

Fundi alikuwa amekwisha geuka. Akaniita kwa kidole, akanishika kidevu, akanielekeza kwenye mwanga, akanigeuza upande mmoja kisha wa pili. Macho yake yalikuwa meusi, masafi, ya mtu mwingine.

"Kumbe ndo hivi ulivyo," akasema. "Nilikudhania kijana."

"Nilikuwa kijana ulipoanza kunidhania. Bi Mkubwa anakusalimu. Anasema usingizi anaupata vizuri."

Alikiachia kidevu changu. "Atakuwa anaupata," akasema.

Mwenye nyumba akakung'uta majivu na kunipa kiko nikione. Upande wa kushoto kilikuwa cheusi tii, rangi imegandamana mpaka imeziba nyuzi. Upande wa kulia mti mtupu, umekuwa manjano kwa jasho la mkono. Pale pande hizo zilipokutana, rangi ilikuwa imechuruzika ovyo, na katikati ya uchafu ule palikuwa na alama ya dole gumba, wazi kabisa. Nilipokuwa nakigeuza, Fundi alitazama ng'ombe.

"Nimempa vipya viwili badala yake," akasema akiwaangalia ng'ombe. "Viwili. Vya tende iliyoiva."

"Kanipa kweli," mwenye nyumba akasema. "Kimoja nimempa mkwe wangu. Kimoja nimekiweka."

"Vilikuwa badala."

"Weye ulisema chukua. Nikachukua. Hukusema lete."

Nikamuuliza yule mzee, kwa adabu, kwa nini hataki kukitoa. Akakichukua kutoka mkononi mwangu, akakijaza tumbaku taratibu.

"Msikitini hapa tunaacha viko vyetu dirishani," akasema. "Wazee sote tuna viko vya Fundi. Vimefanana kama mayai. Ukitoka unachukua chochote, unavuta mate ya mwenzio, na jioni mnagombana. Tangu nipate hiki hakuna aliyenichukulia. Hata nikikisahau shamba mtoto anakileta, anajua cha nani. Na wakiniuliza kakitengeneza nani, naw'ambia, Fundi wa Konde. Siwezi kumnyima mtu haki yake."

Fundi alifumba macho. Niligundua kwamba kuyafumba sasa lilikuwa jambo la hiari, na alilitumia.

"Basi kaa nacho," akasema. "Kaa nacho, yakhe. Ila wakikuuliza, sema umekinunua Unguja."

"Niwasingizie watu wa Unguja? Wana dhambi zao zinawatosha."

"Sema umeokota."

"Na hili dole hapa nalo nimeliokota?"

Ndama akalia. Mwenye nyumba akainuka kwenda kumfungua, kiko mdomoni, moshi ukimfuata. Fundi alimngoja afike mbali kidogo, akaniinamia. Nilitegemea matusi. Sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia.

"Nimevipaka vyote upya," akasema. "Vizuri, wallahi, unaweza kulia. Na kila kimoja kitapotea. Watavibadilisha, watavisahau, watavivunja, maana vimefanana, ukipoteza kimoja si unacho kingine. Kile pale hakipotei. Kile mwenyewe atazikwa nacho, au atakirithi mwanawe, na mwanawe ataulizwa nani kakitengeneza." Akakionyesha kwa kidevu. "Kile ndo mie."

Nilijua kwamba hapa Mashaallah haitafaa.

Mwenye nyumba akarudi, akakaa. Akampa Fundi kile kiko kama jambo la kila siku, na Fundi akatoa kitambaa mfukoni na kipande cha nta. Ndivyo walivyokuwa wamekubaliana, nikaelezwa. Kupaka rangi haramu, ila kung'arisha ruhusa, baada ya alasiri, mwenyewe akiwa anaangalia. Fundi akaanza kusugua. Alisugua kama anavyojua, kwa duara ndogo ndogo, akikipumulia, akikigeuza kwenye mwanga uliolala. Na kadiri alivyosugua ndivyo upande mweusi ulivyozidi kuwa mweusi, na upande mweupe ukazidi kuwaka, na lile dole likaonekana mpaka mikunjo yake. Alikuwa anaiona kazi yake yote, na mkono haukutaka kuifanya vibaya.

"Unaona," mwenye nyumba akaniambia kwa fahari. "Kila siku kinazidi kupendeza."

Alipokimaliza alikirudisha kwa mikono miwili.

"Na weye utalala wapi?" mwenye nyumba akaniuliza.

Nikasema sijui, na ilikuwa kweli.

"Chumba cha uani kipo. Kitanda ni kimoja, lakini kipana. Mwenzio hulala upande wa ukutani, na anapiga mateke."

"Sipigi," Fundi akasema.

Nikaingia ndani na mkoba wangu. Kilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya maziwa na majani makavu, kitanda cha kamba, dirisha moja linalotazama barazani. Fundi alikuwa amekwisha kujiwekea makao ya mtu asiye na safari. Kanzu ilikuwa msumarini, mswala umekunjwa, mswaki umechomekwa kwenye ufa wa ukuta, na kwenye kona makopo mawili ya tambuu. Nilipousogeza mto ili nipate nafasi ya kuweka mkoba, nikakuta chini yake chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, imejazwa rangi nyeusi yenye wekundu ndani, na brashi nyembamba imefungwa kwa uzi shingoni mwake.

"Iweke ulipoitoa," sauti ya Fundi ikasema kutoka barazani. Alikuwa amekaa pale pale, mbali, na uso wake umeelekea dirishani.

Nikairudisha chini ya mto, nikavua viatu, nikachukua upande wa mlangoni.